Namna ya kudumisha shada la maua hata katika joto la Kulamawe

SHADA la maua mabichi ni zawadi yenye umri mfupi. Aghalabu hununuliwa likiwa linapendeza, likafungwa utepe, likapokelewa kwa furaha, na kabla ya wiki kumalizika huwa limeinamisha vichwa na kutupwa jaani.

Katika miji ya nyanda za juu yenye baridi, kama vile Limuru na Nyahururu, hasara hiyo huchelewa kuonekana. Lakini katika maeneo kame kama Kulamawe, Kaunti ya Isiolo, shada lisilotunzwa linaweza kunyauka siku iyo hiyo lilipofika.

Kulamawe iko mashariki mwa mji wa Isiolo, kwenye barabara ielekeayo Modogashe. Hii ni nchi ya wafugaji wa ngamia, mbuzi na ng'ombe. Nchi ya jua kali, upepo mkavu na maji yanayohesabiwa kwa mtungi.

Hata hivyo, mashamba ya maua hayako mbali sana. Katika eneo la Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mawaridi hukuzwa ndani ya vivungulio na kusafirishwa hadi Ulaya. Barabara itokayo huko hushuka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika mjini Isiolo. Ua lililozaliwa katika baridi ya mlimani hujikuta jangwani kwa muda wa saa chache tu.

Chukulia basi kwamba mzazi wa Kulamawe amenunua mawaridi 10 kwa ajili ya mwanawe anayehitimu masomo, au bwana harusi amemletea mkewe shada kutoka Meru. Maswali mawili humkabili. La kwanza, atafanyaje ili maua hayo yadumu? La pili, ambalo ni zito zaidi, je, ni haki kuyapa maua maji ilhali watu wanapanga foleni kisimani?

Jibu la swali la pili linategemea la kwanza. Shada la mawaridi 10 hunywa takriban kikombe kimoja cha maji kwa siku, ingawa joto likizidi kiasi hicho huongezeka. Mara nyingi kinachoua maua chomboni si uchache wa maji bali ni joto, uchafu na hewa iliyoingia katika vikonyo. Anayefahamu hilo hahitaji maji mengi.

Kwa nini ua hunyauka likiwa majini?

Ua likishakatwa hupoteza mizizi, lakini haliachi kuishi. Huendelea kupumua, kutumia sukari iliyomo mwilini mwake na kupoteza maji kupitia majani na petali.

Maji hupanda kutoka chomboni hadi kichwani kupitia mirija myembamba mno iliyomo ndani ya kikonyo. Mirija hiyo ikiziba, ua hufa kwa kiu hata kama limesimama ndani ya ndoo iliyojaa.

Huzibwa na mambo mawili makuu. Kwanza ni mapovu ya hewa, ambayo huingia punde kikonyo kinapokatwa na kuachwa pakavu. Pili ni bakteria, ambao huzaana katika maji machafu, hasa ikiwa kuna majani yanayoozea humo.

Adui wa tatu ni joto. Kwa kila ongezeko la nyuzijoto 10, kasi ya ua kupumua huongezeka takriban mara mbili hadi tatu. Kwa maneno mengine, siku moja ya joto kali humla ua umri wa siku kadhaa za baridi.

Wafanyabiashara wa maua wanalijua hilo vyema. Mawaridi ya kuuzwa ng'ambo huingizwa katika vyumba vya baridi mara baada ya kuvunwa. Siku hizi baadhi ya mawaridi ya Kenya husafirishwa kwa meli kutoka Mombasa, yakakaa wiki nne au zaidi ndani ya makontena yenye baridi inayokaribia nyuzijoto sufuri, na bado yakafika yakiwa tayari kuchanua.

Lakini hata baridi ina kikomo. Mnamo Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull nchini Iceland yaliposimamisha safari za ndege barani Ulaya kwa takriban wiki moja, maua mengi ya Kenya yaliishia kutupwa kwa sababu vyumba vya baridi vilijaa na wanunuzi hawakufikika.

Adui wa nne haonekani. Ni gesi ya ethilini, ambayo hutolewa na matunda yanayoiva, maua yanayokufa na hata moshi wa magari. Gesi hiyo huyafanya maua yazeeke kabla ya wakati wake. Kanesheni huathirika zaidi.

Anza kwa kuchagua vyema

Hakuna utunzaji unaoweza kulifufua ua lililochoka tayari. Kwa hivyo, chunguza kabla ya kutoa pesa.

Waridi zuri la kununua ni lile ambalo tumba lake limeanza kufunguka na kuonyesha rangi, lakini katikati bado limefumba. Libonye polepole chini ya petali. Likiwa gumu kiasi, ni bichi. Likiwa tepetepe, limekaa sana dukani.

Tazama pia majani. Yanafaa kuwa ya kijani kibichi na yaliyosimama. Toa kikonyo majini ukiguse; kikiteleza kwa utando au kikitoa harufu mbaya, bakteria wameshaingia.

Petali za nje zenye mikunjo au rangi iliyofifia zisikutie shaka. Hizo ni walinzi wa tumba, nawe waweza kuzibandua ufikapo nyumbani.

Isitoshe, si maua yote yaliyo na umri mmoja. Waridi likitunzwa hudumu kwa siku 7 hadi 10 au zaidi. Kanesheni, krisanthemamu na alstromeria aghalabu hufikisha wiki mbili. Kwa mkazi wa eneo lenye joto, hayo matatu ni chaguo la busara kuliko waridi.

Iwapo ni lazima shada liwe na waridi, changanya machache na maua ya kudumu. Mawaridi yakimaliza siku zake, utayaondoa na shada lililosalia litaendelea kupendeza.

Safari ya kutoka mlimani hadi bondeni

Maua mengi yanayopelekwa maeneo ya mbali huharibikia njiani, kabla hayajaonana na chombo chake.

Ikiwezekana, safiri alfajiri au jioni. Usiyaweke maua juu ya gari, wala mbele ya kioo cha dereva ambako jua hupiga moja kwa moja, wala karibu na injini.

Magari yatokayo Meru hubeba pia ndizi, maembe na maparachichi. Shada lisisafiri limeegemezwa kwenye mzigo wa matunda yanayoiva, kwa sababu ya ile gesi tuliyoitaja.

Funga vikonyo kwa kitambaa au karatasi za gazeti zilizoloweshwa maji. Kisha zungushia shada zima karatasi kavu za gazeti ili upepo usiyafikie maua, na ulilaze ndani ya katoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Agosti 28, 2017, hivyo katoni au kikapu ndicho kifaacho.

Ukiweza kupata chupa ya maji yaliyogandishwa, ifunge kwa gazeti na uiweke kando ya vikonyo. Isiguse petali, kwani barafu huziunguza.

Wazo la kuyafunika maua ili yasipoteze unyevu si geni kwa Waswahili. Wanawake wa pwani wanaotunga vikuba hukwanyua asumini ingali matumba, jua linapopungua makali, na kuihifadhi penye unyevu hadi wakati wa kutunga. Tumba hilo hufunguka usiku na kutoa manukato yake wakati hasa linapohitajika.

Kukata na kunywesha

Ufikapo nyumbani, usikimbilie kulionyesha shada kwa majirani. Kwanza linyweshe.

Osha chombo kwa sabuni na maji moto, kisha ukisuuze kwa maji yenye matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo, maarufu kama jiki. Kanuni ni rahisi: ikiwa wewe mwenyewe usingekunywa maji katika chombo hicho, usiyape maua.

Ondoa majani yote ambayo yangezama majini. Yaache ya juu, lakini ukiona ni mengi yapunguze, kwa sababu kila jani ni mlango wa kupotezea maji. Katika hewa kavu ya Isiolo, kupunguza majani husaidia zaidi kuliko mahali penye unyevu.

Usikwangue maganda ya kikonyo unapotoa miiba. Kila jeraha ni njia ya bakteria.

Kisha kata sentimita mbili au tatu kutoka mwisho wa kila kikonyo, kwa kisu kikali na kwa mshazari. Mkato wa mshazari huzuia kikonyo kukaa bapa kwenye sakafu ya chombo na kujiziba. Ukiweza, kata huku ncha ikiwa ndani ya bakuli la maji ili hewa isipate nafasi ya kuingia. Makasi butu hayafai, kwani huminya mirija badala ya kuikata.

Mara tu baada ya kukata, tumbukiza vikonyo katika maji ya uvuguvugu. Maji ya uvuguvugu hupanda kwa wepesi kuliko ya baridi, na hiki ndicho kinywaji cha kwanza cha msafiri. Acha shada lisimame humo kwa saa mbili au zaidi, mahali penye giza na pasipo upepo.

Maji gani, na chakula gani?

Maji ya visima vingi vya kaskazini mwa Kenya yana chumvi, na chumvi hufupisha maisha ya maua. Kuyachemsha huua bakteria lakini hakuondoi chumvi hiyo. Kwa hakika huizidisha kidogo.

Maji bora ni ya mvua. Anayevuna maji ya paa katika msimu wa Machi hadi Mei, au ule wa Oktoba hadi Desemba, ana hazina. Lita moja aliyoiweka kando itafaa zaidi kuliko lita tano za kisima chenye chumvi.

Wauza maua hutoa vipakiti vya unga wa kuchanganya na maji. Unga huo huwa na mambo matatu: sukari ya kulilisha ua, asidi ya kusaidia maji kupanda, na dawa ya kuzuia bakteria. Ukikosa kipakiti, tengeneza dawa yako jikoni.

Katika lita moja ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu au limau, na robo kijiko cha chai cha jiki. Koroga hadi sukari iyeyuke.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, usichanganye jiki na ndimu pasipo maji, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Kila kimoja kitiwe peke yake ndani ya lita kamili. Pili, usitie sukari bila jiki. Sukari pekee ni karamu ya bakteria, na shada litakufa upesi kuliko kama ungeliachia maji matupu.

Badilisha maji hayo kila baada ya siku mbili, na kila mara ukate tena ncha za vikonyo kwa sentimita moja. Maji yakionekana na ukungu kabla ya siku mbili, usingoje.

Tumia chombo chenye shingo nyembamba kinachojaa kwa lita moja. Kwa siku 10, hesabu yote, pamoja na kuosha na kuongezea, haizidi nusu ya mtungi wa lita 20. Nayo maji yanayomwagwa yanaweza kumwagiliwa mche wa mti uani, hivyo hayapotei bure.

Mahali pa kuliweka

Maabara za kupima uhai wa maua hutumia chumba chenye nyuzijoto 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 60. Nyumba ya mabati yenye joto la mchana katika nyanda kame haifanani na chumba hicho hata kidogo, hivyo mahali pa kuweka shada ni nusu ya kazi nzima.

Lisikae dirishani penye jua. Lisikae mbele ya feni wala mlangoni ambako upepo hupita, maana upepo mkavu hunyonya maji kwenye petali kuliko vikonyo vinavyoweza kuyarudisha. Lisikae juu ya televisheni wala jokofu, ambako pana joto. Wala lisiwekwe mezani kando ya sinia la ndizi na maembe.

Kona yenye kivuli, chini sakafuni, ndiyo bora. Hewa ya moto hupanda juu. Sakafu ya saruji au ya udongo hubaki na ubaridi kiasi.

Usiku, au saa za mchana ambazo hakuna wageni, lipe shada mapumziko penye baridi zaidi. Hapa ndipo ukavu wa Kulamawe unapogeuka kuwa rafiki. Maji yanapokauka hupoza kilicho karibu nayo, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo upoaji unavyozidi.

Chukua katoni au kreti, ifunike kwa gunia lililoloweshwa, na uiweke kivulini mahali penye upepo kidogo. Ndani yake patakuwa na ubaridi unaohisika kwa mkono. Gunia halihitaji maji safi. Yale yaliyosuuzia mboga yanatosha.

Ni kanuni iyo hiyo inayotumika katika vyumba vya makaa ambamo wakulima wengi wa Kenya huhifadhi mboga, na ndiyo aliyoitumia mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria katika miaka ya 1990 alipoeneza matumizi ya chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine, katikati kukiwa na mchanga wenye maji.

Waridi likiinamisha shingo

Wakati mwingine waridi huinamisha kichwa ingawa petali zake bado ni nzuri. Wengi hulitupa. Kumbe halijafa, limezibwa na hewa.

Likate kikonyo kwa sentimita tatu hivi. Livingirishe kwa gazeti la jana, ukikaza hadi shingo isimame wima, kisha lisimamishe katika maji ya uvuguvugu yenye kina kirefu kwa saa moja au mbili. Mara nyingi hurudi likiwa limenyooka.

Ua ambalo limekwisha kufa liondolewe mara moja, kwa sababu huwatolea wenzake ethilini.

Imani zisizo na msingi

Kuna wanaotia sarafu chomboni wakitarajia shaba iue bakteria. Shaba hiyo huyeyuka kidogo mno kuweza kufaa.

Wengine huponda ncha za vikonyo kwa nyundo. Kufanya hivyo huharibu mirija na kuwafungulia bakteria mlango. Wengine nao hutia tembe za aspirini, ambazo hazijathibitishwa kuyashinda maji safi yanayobadilishwa.

Soda nyeupe yenye ladha ya ndimu ina msingi kiasi, kwa vile ina sukari na asidi. Changanya sehemu moja ya soda na sehemu tatu za maji, lakini usisahau matone ya jiki.

Tahadhari kwa wenye mifugo

Katika boma la mfugaji, kitu kibichi kilichotupwa huliwa na mbuzi. Maua ya dukani hayakukuzwa ili yaliwe. Hunyunyiziwa dawa za wadudu na ukungu, na masalio yake hubaki kwenye majani na petali.

Yazike au yachome. Usiwape mbuzi, wala usitumie petali zake katika chai au chakula. Maji ya chomboni pia yasiachwe mahali ambapo watoto au wanyama wanaweza kuyanywa.

Vivyo hivyo, anayechuma waridi la jangwani, ua la waridi-jekundu linalomea penyewe katika nyanda kame, anawe mikono. Utomvu wake ni sumu, na tangu zama hizo umetumiwa na wawindaji kwenye mishale.

Shada lisilohitaji maji

Kuna njia moja ambayo mkazi wa Kulamawe anaweza kumshinda mkazi wa Limuru: kukausha maua.

Penye unyevu na baridi, maua yanayokaushwa hushikwa na ukungu. Katika hewa kavu, kazi hiyo hufanyika yenyewe. Siku ya nne au ya tano, kabla mawaridi hayajafunguka kabisa, yatoe majini, futa vikonyo, ondoa majani na uyafunge katika mafungu madogo. Yaning'inize vichwa chini, gizani na penye hewa, kwa wiki moja hadi mbili.

Rangi itakolea na kuwa nzito, lakini umbo litabaki. Vile vijiua vyeupe vidogo vya kujazia shada hukauka vizuri zaidi. Shada hilo laweza kukaa kwa miezi mingi bila tone la maji, mradi lisipigwe na jua.

Hivyo ndivyo swali la haki linavyopata jibu. Waridi lilipomea mlimani lilikunywa maji ya mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya, mito ambayo wafugaji wa nyanda za chini huisubiri wakati wa kiangazi, na ambayo kwa miaka mingi imezua mvutano baina ya wanaoishi juu na wanaoishi chini.

Maji hayo yamekwisha kutumika, na hayarudi. Anayeliacha shada life siku ya tatu ameyamwaga yote. Anayelifikisha siku ya kumi kwa kikombe kimoja cha kila siku, kisha akalikausha na kulitundika ukutani, ameyapa heshima yake.